Mfarishi wa maduara na miraba: vitambaa vya Kigoma, kipi kinafaa na kipi ni hasara

Mfarishi wa maduara yaliyokunjwa, yaani tandiko la kitanda lenye kijazo linaloshonwa kwa vipande, huficha karibu nusu ya kitambaa ulichokinunua. Kila duara lina uso unaoonekana na bitana ambayo ikishafunikwa haitaonekana tena mpaka mfarishi uchakae. Kwa hiyo kitenge kinachosifiwa dukani kwa kuwa na rangi pande zote mbili si lazima kiwe ndicho cha kununua. Hapa tunapitia vitambaa vinavyopatikana mjini Kigoma, kuanzia maduka ya vitenge ya Mwanga hadi marundo ya mitumba, na tunavipima kwa kazi hii moja tu. Bei hatujaziandika. Zinabadilika kila shehena inapoingia, na hakuna muuzaji wa vitenge anayeanza na bei atakayomalizia.

Kwanza kazi yenyewe, maana asiyeijua ataona hukumu zetu ni za ajabu. Duara la kitenge hushonwa uso kwa uso na duara la bitana. Bitana hupasuliwa kidogo katikati, duara likageuzwa na kupigwa pasi. Juu ya bitana huchorwa mraba ambao pembe zake nne zinagusa ukingo wa duara. Kisha maduara mawili huwekwa kitenge kwa kitenge na kushonwa juu ya mstari mmoja wa mraba. Ukiyafungua, vipande viwili vilivyobaki nje ya mstari vinasimama upande wa bitana kama masikio, na masikio ndilo jina tutakalolitumia. Ndani ya kila mraba unalaza kijazo, juu yake mraba wa kitambaa kingine, halafu unakunja masikio manne na kuyashona kwenye ukingo wa upinde. Mbele yanatokea madirisha yaliyozungukwa na maumbo ya majani. Nyuma inatokea miraba ya kitenge, safi, bila mshono mbichi hata mmoja. Masikio ya pembeni kabisa nayo yanakunjwa ndani vilevile, kwa hiyo hakuna ukingo wa kuzungushia wala bitana kubwa ya kutandika mwishoni. Ule mpasuko wa bitana unabaki chini ya kijazo na hauhitaji kuzibwa.

Hesabu kabla ya kwenda sokoni

Ukubwa unaofaa kwa cherehani ya miguu ni duara la sentimita 20 likishashonwa. Upande wa mraba unaoingia ndani yake unapatikana kwa kuzidisha kipenyo kwa 0.707, yaani sentimita 14 na ushee. Kwa kuwa mshono unakula milimita 6 kila upande, duara linakatwa kwa sentimita 21.2. Mfarishi wa maduara 9 kwa 13 una maduara 117 na hutoka na kama sentimita 127 kwa 184. Huo unafunika kitanda cha futi tatu na nusu na kuning'inia kama sentimita 10 kila upande.

Kitenge chenye upana wa sentimita 115 kinatoa maduara 5 kwa safu. Kipande cha yadi 6 kina sentimita 548, hivyo kinatoa safu 25, maduara 125. Unahitaji 117, na 8 yanabaki kwa makosa. Hata kikisinyaa baada ya kufuliwa ukapoteza safu moja, bado una 120. Hii ndiyo sababu tunasisitiza kipande kizima cha yadi 6 badala ya kuokoteza yadi mbili hapa na tatu pale: rangi ya toleo moja haifanani na ya toleo lingine hata kama maua ni yaleyale, na nyuma ya mfarishi tofauti hiyo inaonekana waziwazi.

Miraba ya madirisha hukatwa sentimita 13.8, ndogo kidogo kuliko 14 ili ikae bila kujikunja. Safu moja ya upana wa 115 inatoa 8, safu 15 zinatosha, kwa hiyo yadi mbili na nusu. Kijazo ni sentimita 13.5. Kikiwa na upana wa mita moja na nusu, mita moja na nusu ya urefu inatoa vipande 121.

Uzi watu huusahau. Kuna mzunguko wa maduara 117, mishono iliyonyooka 212, na masikio 468 ya kushona juu. Ukijumlisha, sindano inatembea karibu mita 177, na mshono wa cherehani unakula uzi karibu mara mbili na nusu hadi tatu ya urefu wake. Andaa mita 500. Koni kubwa ya polista ya mafundi ni rahisi kuliko vidonge vitano vya mita 100, tena inakupa rangi moja tangu mwanzo hadi mwisho. Uzi wa pamba uliokaa dukani miaka mingi uvute kwa mikono kabla ya kulipa. Ukikatika bila kukuuma kidole, uache.

Vitenge

Kigoma haikosi vitenge, vinavyotoka bara na vinavyovuka ziwa. Kwa kazi hii vigawe katika makundi matatu.

Kundi la kwanza ni nta halisi, yaani kitenge kilichotiwa rangi kwa kutumia nta. Rangi imekolea sawasawa mbele na nyuma, na kuna vijishipa vyembamba vya rangi palipopasuka nta wakati wa kutia rangi. Jina kubwa hapa ni Vlisco, kampuni ya Helmond, Uholanzi, iliyoanza mwaka 1846, ingawa maandishi ya ukingoni peke yake hayathibitishi chochote. Siku hizi hata vijishipa huchapwa kwa mashine. Dawa ni kugeuza kitambaa na kulinganisha pande mbili kwenye mwanga wa nje, si chini ya taa ya duka. Kitambaa ni kizuri, kimefumwa kwa kubana, na rangi hudumu. Lakini kwa maduara hatukipendekezi. Unalipia upande wa pili ambao bitana itaufunika siku hiyohiyo. Isitoshe ni kizito. Penye mshono kuna tabaka nne, na nta mpya bado ina wanga mwingi, kwa hiyo masikio hayalali, yanasimama kama kola. Kwa madirisha, hapo ndipo nta inapostahili pesa yake, na sababu tutaieleza tukifika kwenye pembe.

Kundi la pili ni kitenge cha pamba kilichochapwa upande mmoja. Nyuma kimepauka. Wauzaji wengine hukiuza kwa aibu, kana kwamba ni kasoro. Kwa maduara ndicho bora kuliko vyote tulivyovipitia. Ni chepesi kuliko nta, kinapokea pasi, kinalala, na upande wake uliopauka unaishia ndani. Chagua maua madogo au ya wastani. Picha kubwa ya tausi au mwavuli itakatwa vipande na masikio, na utabaki na jicho la tausi peke yake nyuma ya mfarishi.

Kundi la tatu ni polista iliyochapwa maua ya kitenge. Inang'aa kidogo, haikunjiki ukiifinya mkononi, na rangi yake ni kali kupita kiasi. Mwombe muuzaji uzi mmoja wa ukingoni uuchome. Pamba inaungua kama karatasi na kuacha jivu laini linalopukutika; polista inajikunja, inayeyuka na kuacha kidonge kigumu. Usichanganye kitambaa hiki hata mara moja katika mfarishi huu. Pasi ya mkaa haina kipimo cha joto, na duara moja la polista litanata kwenye pasi na kuchafua kumi yanayofuata. Hata bila pasi kushika, polista haitunzi mkunjo, na mfarishi wote unasimama juu ya mikunjo.

Kitenge chochote kifuliwe kabla ya kukatwa, kikaushwe, kipigwe pasi. Kinasinyaa, na kikisinyaa baada ya kushonwa pamoja na bitana isiyosinyaa, kila duara linakuwa bakuli. Kuhusu rangi, kunja kitambaa cheupe kilicholowa juu ya kitenge na ukandamize kwa pasi. Kikipata rangi, rudia kufua mpaka maji yatoke safi. Chumvi na siki, ambazo kila mtu huzishauri, hazifungi rangi ya kitambaa kilichokwisha kutiwa rangi kiwandani. Rangi inayochuja huondolewa kwa maji na subira, au kitambaa huachwa.

Khanga, mashuka na vipande vya fundi

Khanga ni jaribu kubwa. Rangi zake zinaita, na kipande kimoja kina takriban mita moja na nusu kwa mita moja na kidogo. Lakini kwa maduara khanga ni hasara tupu: pindo linakula pembeni pote, na mji unabaki mdogo, maduara kama 15 tu ya sentimita 21. Kwa madirisha inafaa kwa masharti. Khanga nyingi za bei ya chini zimefumwa kwa kulegea na nyuzi zinachomoka pembeni, jambo ambalo mfarishi huu hausamehi. Ukiipenda sana, ishonee kipande chepesi cha shuka nyuma kwanza. Na ukitaka kutumia jina la khanga, kumbuka dirisha likishafunikwa na masikio linabaki na upana wa sentimita 8 na kidogo katikati. Neno moja linaenea, mawili kwa taabu. "Usisafirie nyota ya mwenzio" ikikatwa bila kupima inabaki "safirie nyota", na mgeni atajiuliza unamaanisha nini.

Mashuka ya mtumba ndiyo bitana tunayoipendekeza bila masharti mengi. Pamba iliyofuliwa mara nyingi haisinyai tena wala haichuji rangi. Shuka la sentimita 160 kwa 240 linatoa maduara 77, hivyo mawili yanatosha na kubaki. Linyooshe mbele ya jua kabla ya kulipa, maana sehemu ya katikati, mahali mtu alipolala, huwa imekuwa nyembamba kama chandarua. Kata kuanzia pembeni. Fanya jaribio la uzi wa kuchoma hapa pia. Mashuka mengi ya mtumba ni mchanganyiko wa pamba na polista. Mchanganyiko kidogo kwenye bitana unavumilika, kwa kuwa pasi inapita upande wa kitenge.

Kuna chanzo kingine ambacho hakina duka: vipande vinavyobaki kwa mafundi cherehani. Fundi anayeshona magauni ya kitenge hubaki na vipande vya pembeni vyenye sentimita 15 na zaidi, na dirisha linahitaji 13.8 tu. Kwa madirisha 117 ya rangi tofauti, hakuna duka litakalokupa hayo kwa bei ya mfuko mmoja wa vipande. Tatizo ni kwamba mfuko unakuja na kila kitu, polista na satini zikiwemo. Chambua kwa moto na kwa vidole, na toa kila kinachotoa nyuzi ukikikwaruza kwa kucha pembeni mara tano.

Kijazo

Faiba nyeupe ya duveti inayouzwa kwa mita ni nzuri ikiwa nyembamba. Ikandamize kwa kiganja juu ya meza: ikishuka mpaka unene wa kidole kidogo au chini yake, chukua. Ile nene inavimba dirishani na kuvuta masikio, upinde unaacha kulala na mshono wa juu unaruka. Kwa joto la Kigoma mjini nene haina kazi. Anayeshona kwa ajili ya Kasulu au Buhigwe, ambako usiku wa kiangazi baridi inauma, aongeze tabaka la pili jembamba badala ya kununua moja nene.

Bora kuliko faiba, kwa maoni yetu, ni blanketi jepesi la mtumba lenye manyoya mafupi. Halichomoki nyuzi, halihami mahali pake, linakatwa kwa mkasi bila kujivuta, na likifuliwa linakauka haraka. Sponji usiweke. Inanywa maji, inachelewa kukauka na baada ya muda inakuwa unga. Sufi nayo ni ya mito: ikilowa inashikana mabonge, na mfarishi usiofulika utageuka mzigo wa kabatini. Pamba mbichi ni vilevile.

Vifaa vya kuchorea

Kadibodi ya boksi inachoka. Baada ya maduara thelathini hivi ukingo wake umelainika na penseli inaanza kuingia ndani, kila duara dogo kuliko lililotangulia. Mfuniko wa sufuria unaonekana mzuri, lakini mingi si ya duara kamili. Upime kwa njia tatu tofauti, na vipimo vikipishana zaidi ya milimita 2 urudishe jikoni. Uzi na penseli kama bikari haifai kabisa kwa sababu uzi unavutika. Ukanda wa kadibodi ngumu wenye matundu mawili yaliyoachana sentimita 10.6 unafanya kazi hiyo vizuri zaidi: tundu moja linashikwa na msumari, jingine linabeba penseli. Kwa mito na vitambaa vya meza, sidii ya zamani haina mpinzani. Ina kipenyo cha sentimita 12 barabara, haichoki, na ukishona pembezoni kabisa mwa alama yake mraba wa ndani ni sentimita 8.5.

Hapa tuseme jambo ambalo wengi huligundua wakiwa wamefika duara la mia. Mraba uchorwe ukifuata nyuzi za kitambaa, pande mbili zikienda na mtande (nyuzi za urefu) na mbili na mshindio (nyuzi za upana). Ukiuchora mshazari, mishono yote inaangukia kwenye mvutiko, na mfarishi ukianikwa unarefuka na kuwa mawimbi. Weka alama ndogo ya kalamu kwenye kila duara la bitana kabla ya kulikata, kuonyesha mtande unakwenda wapi. Duara likishakatwa halina juu wala chini, hutajua tena.

Ukitaka bitana isicheze chini ya mkasi, ilowanishe kwa uji mwembamba sana wa unga wa muhogo, kijiko kimoja kikubwa kwa lita moja ya maji, uchuje, ianike na kuipiga pasi. Inakuwa kama karatasi. Mfarishi ufuliwe ukishamalizika, maana wanga ukibaki huita mende na panya. Usikate zaidi ya tabaka nne kwa mara moja; ya chini hujisukuma na kutoka yai.

Kushona, na pembe zinapovuja

Sindano namba 14, mishono 10 kwa inchi. Duara likishashonwa, punguza ukingo ubaki milimita 4, au ukate kwa mkasi wa meno. Usipopunguza, upinde ukigeuzwa unakuwa na kona kona kama sarafu iliyotafunwa. Pasua bitana sentimita 5 kwa mshazari, kwa sababu mpasuko wa mshazari hautoi nyuzi. Geuza, sukuma ukingo kwa mpini wa kijiko, si kwa ncha ya mkasi, na piga pasi bitana ikiwa imeingia ndani kidogo sana ili isichungulie mbele. Anayetumia pasi ya mkaa aipunge nje kwanza. Chembe moja ya moto inatoboa tabaka mbili.

Sasa pembe. Hapa ndipo mfarishi huu unapofaulu au kuharibika. Sikio lina kina cha sentimita 2.9 katikati, lakini linapungua mpaka sifuri kwenye pembe. Masikio mawili jirani yanakutana pembeni bila kupishana hata uzi mmoja: kila moja linachukua nusu kamili ya pembe ya mraba. Hiyo ni hesabu ya umbo lenyewe, haibadiliki kwa ustadi. Maana yake ni kwamba ukichora mraba mkubwa kuliko unavyoingia, pembe zinatoka nje ya duara na mahali maduara manne yanapokutana panabaki tundu. Ukiuchora mdogo, kitambaa kinazidi pembeni na kutengeneza kinundu kinachovunja sindano. Tena, ncha ya mraba wa dirisha haifunikwi na kitu chochote cha maana. Inashikwa na mshono peke yake.

Kwa sababu hiyo kitambaa cha dirisha lazima kiwe kimefumwa kwa kubana, na kwa sababu hiyo nta, tuliyoikataa kwenye maduara, inakubalika hapa. Khanga iliyolegea huanza kutoa nyuzi pembeni ikifuliwa mara chache, baadaye ncha inachomoka, kijazo kinaonekana. Kinga ni tatu zikienda pamoja: mraba uwe 13.8 kweli na si 13.5 "kwa usalama". Ncha yake ipunguzwe milimita 2 tu ili isijikunje. Na mshono wa juu upite hadi kwenye pembe yenyewe, uvuke, urudi nyuma mishono miwili. Anayeishia milimita tano kabla ya pembe kwa sababu ni pazito anaacha mlango wazi.

Mishono iliyonyooka nayo ianze na kukoma pembeni hasa, na kurudishwa nyuma pande zote mbili. Kosa la milimita 2 kwa kila duara halionekani, lakini kwenye safu ya maduara 9 linakuwa milimita 18, na safu mbili hazitakutana tena. Pima safu kila inapokamilika: sentimita 127. Ikipishana zaidi ya nusu sentimita, fumua sasa hivi.

Mpangilio unaookoa mgongo ni huu. Unganisha maduara 9 kuwa safu, weka vijazo na madirisha, shona masikio ya kushoto na kulia ya safu nzima wakati bado ni nyembamba. Ndipo unganishe safu kwa safu na kushona masikio ya juu na chini. Tengeneza nusu mbili, moja ya safu 6 na nyingine ya safu 7, uziunganishe mwisho. Mshono wa kuunganisha ni mmoja tu ulionyooka, na chini ya mkono wa cherehani hupitishi zaidi ya nusu ya mzigo uliokunjwa. Sikio likijikunja vikunyanzi wakati wa kulishona, mguu wa cherehani umebana mno. Legeza skrubu ya juu, bana katikati ya upinde kwa pini, na kila sentimita mbili au tatu simamisha sindano ikiwa ndani, inua mguu, zungusha kitambaa kidogo. Uzi wa chini uwe rangi ya kitenge, kwa kuwa nyuma ya mfarishi kila upinde unaonekana.

Jeans za mtumba

Hili ni toleo la haraka zaidi, na kwa anayeanza tunalipendekeza kuliko la kitenge. Jeans haihitaji bitana wala kugeuzwa. Duara linakatwa sentimita 20 kamili, mraba unachorwa, masikio yanakunjwa na kushonwa kwa zigizaga milimita 6 kutoka ukingoni, na ukingo unaachwa uchanue. Cherehani isiyo na zigizaga ipitishwe mara mbili, mistari ikiachana milimita 3. Sindano iwe namba 16.

Suruali pana ya mwanaume inatoa maduara 8 hadi 10 ukikwepa mishono ya pembeni, kwa hiyo mfarishi wa 117 unakula suruali 12 hadi 15. Za kubana hutoa nusu ya hapo au chini. Jeans inayovutika iache kwenye rundo hata ikiwa bure. Duara lake linakuwa yai ukilishika tu. Chagua zilizofifia viwango tofauti, na dirisha liwe la kitenge chochote cha pamba. Uzito ujue mapema: maduara ya jeans peke yake ni karibu kilo moja na nusu, na mfarishi ukilowa unahitaji watu wawili kuukamua. Ufuo wa kwanza ufanyie nje, kwenye beseni, kwa sababu nyuzi zinazochomoka zitaziba bomba la maji machafu; ukikauka ukung'ute na kuupiga brashi ngumu kufuata upinde.

Kumpa fundi

Kuna wanaonunua vitambaa na kumkabidhi fundi kila kitu. Kwa fundi aliyezoea magauni, kazi hii ni ngeni na inachosha, na mita 177 za mshono hazimaliziki kwa siku mbili hata akiahidi kwa kiapo. Njia inayoleta matokeo ni kumpa hatua moja tu, ile ya kushona maduara kwenye bitana, na kukubaliana malipo kwa kila duara, si kwa mfarishi mzima. Mpe ukanda wako wa kadibodi na sampuli moja iliyokamilika. Akishona kumi ya kwanza nenda uyaone kabla hajaendelea: likunje kila moja nusu, kisha nusu tena, na tazama kama kingo zinalingana. Lisilolingana likunje upande mwingine. Likigoma tena, fundi anazungusha kitambaa kwa macho badala ya kufuata mstari, na yaliyobaki 107 yatatoka vilevile usipomwambia leo.